Kwa nini barua pepe ya seva yako ya nyumbani haifiki

Tuseme una laptopu ya zamani imekaa kabatini, ukaamua iwe seva yako ya barua pepe. Unaweka Linux, unaweka Postfix, unanunua domeni. Hadi hapo ni kazi ya jioni moja. Unajitumia barua humo humo ndani ya mashine, inafika, unafurahi. Halafu unajaribu kumwandikia mtu wa nje.

Mimi hapo nilikwama wiki mbili. Nilidhani nimekosea kwenye faili la mipangilio. Kumbe mipangilio ilikuwa sawa. Kilichonizuia ni mambo yaliyotokea zamani kabla sijajua hata kuwasha kompyuta. Makosa mengi unayoyasoma kwenye logi ya seva yana tarehe zake, na ukizijua unaacha kubahatisha.

Agosti 1982, Jon Postel wa University of Southern California alitoa RFC 821, waraka unaoeleza itifaki ya SMTP. Mpaka leo seva zinaongea karibu vile vile: moja inajitambulisha, inataja barua inatoka kwa nani na inaenda kwa nani, kisha inamwaga maneno yenyewe. Nyingine inajibu kwa namba zenye tarakimu tatu. Ikianza na 2, mambo safi. Ikianza na 4, rudi baadaye. Ikianza na 5, usirudi. Kwa hiyo ukiona 4 kwenye logi usiguse kitu kwanza, subiri. Seva nyingine hukukataa mara ya kwanza makusudi, kwa sababu programu nyingi za barua taka zilikuwa hazijisumbui kurudi.

Sasa angalia kilichokosekana. Hakuna mahali pa kuuliza, "wewe kweli ndiye?" Ukisema barua inatoka kwa rais, seva inaandika rais. Na si kwamba Postel hakuiona hatari. Novemba 1975 yeye huyo huyo aliandika RFC 706, waraka mfupi sana kuhusu barua taka, akieleza kwamba mashine kwenye ARPANET haina njia ya kukataa ujumbe wa mashine fulani inayosumbua. Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC akatuma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 kwa mpigo. Akakemewa, yakaisha. Mtandao ulikuwa kama mtaa mdogo: ukimkosea mtu, mnakutana dukani.

Turudi kwenye laptopu yako. Unajaribu kutuma barua kutoka kwenye simu kupitia seva hiyo, unapata 554: seva imekataa kupitisha barua ya mtu isiyemjua. Wengi hulitatua hili kwa njia mbaya kuliko zote, yaani wanamfungulia kila mtu. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa kawaida. Sendmail, programu ya Eric Allman wa Berkeley iliyobeba sehemu kubwa ya barua za intaneti, ilikuwa inapitisha barua ya yeyote kwenda popote. Ulikuwa wema tu. Mitandao mingi haikuunganishwa moja kwa moja, barua ilipokezanwa mkono kwa mkono mpaka ifike.

Miaka ya 1990 biashara ikaingia. Watu wa matangazo wakagundua kwamba unaweza kutupa barua moja yenye wapokeaji maelfu kwenye seva ya chuo fulani, nayo ikakufanyia kazi yote kwa gharama ya chuo. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake wakaanzisha orodha ya anwani za wasumbufu, ambayo seva inaiuliza kupitia DNS kabla ya kupokea barua. Mwaka 1998 likatoka toleo la Sendmail 8.9, likiwa limefunga mlango tangu mwanzo. Hiyo 554 yako ilizaliwa katika ugomvi huo. Dawa yake ni kutuma kwa jina na nenosiri kupitia mlango namba 587, uliotengwa kwa ajili ya wenyeji mwaka huo huo.

Lakini kosa gumu zaidi ni lile lisilosema kitu. Logi inaandika tu kwamba muda umeisha, kwa kila seva unayoijaribu. Jaribu kuunganisha na seva kubwa mbili tatu kwenye mlango namba 25. Zote zikikaa kimya huku kurasa za kawaida zinafunguka, uwezekano mkubwa ni kwamba anayekupa intaneti ameufunga. Mwaka 2003 kirusi cha Sobig kiliingia kwenye kompyuta nyingi sana za nyumbani, na watu wa barua taka wakazitumia kutuma mizigo yao, wenyewe wamelala. Kampuni za intaneti zikaona rahisi kuwafungia wateja wote wa nyumbani kuliko kumtafuta mmoja mmoja. Mimi niliwapigia huduma kwa wateja. Kijana akaniambia nizime ruta niwashe tena. Nikazima, nikawasha.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma zaidi. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu. Zilipogawiwa mwanzoni, chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipata zaidi ya milioni 16. Sisi tuliochelewa kuja tunapewa za kuchangia: nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Angalia anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikianza na 100 na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, uko humo, na hakuna barua ya kutoka nje itakayokufikia moja kwa moja hata ufanye nini. Na jirani usiyemjua akiwa na kirusi, anwani inayoharibiwa jina ni hiyo hiyo yako.

Swali ambalo SMTP haikuuliza limekuja kuulizwa kwa viraka: SPF mwaka 2006, DKIM 2007, DMARC 2015. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na anwani yake ya IP ikiulizwa kwenye DNS irudishe jina. SPF na DKIM unaziandika mwenyewe kwenye domeni yako. Hilo jina la kurudi anaweza kuliweka mwenye anwani tu, na mwenye anwani si wewe.

Nilichofanya ni kukodi seva ndogo yenye anwani yake, nikaiunganisha na laptopu kwa njia ya siri, yaani VPN. Barua zinakaa nyumbani, mlangoni anasimama mwingine. Ya kwanza nilimtumia dada yangu. Akanijibu kwa WhatsApp: "Mbona imeingia kwenye spamu?"