Huyo Nguruwe ni wa Nani?

Mwezi wa nane binamu yangu alinitumia orodha kwenye WhatsApp. Anakaa Texas, huu ni mwaka wa tisa, na Desemba anataka nimtembelee. Orodha yenyewe ilikuwa ndefu: kulala siku tatu kwenye ranchi, bunduki mbili za kukodi, darubini ya kuonea gizani, mbwa wa mwenye ranchi, buti, dawa ya kupe, friza ya kubebea nyama. Chini kabisa akaandika, "Tunawinda nguruwe mwitu, bro. Hakuna leseni. Ni kuelewana na mwenye shamba tu."

Wikendi hiyo nilikuwa Khayega, kwa babu yetu. Sisi humwita Kuka. Nikamsomea orodha yote, kutoka buti hadi friza. Alisikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai mkononi, kisha akauliza swali moja tu.

"Huyo nguruwe ni wa nani?"

Nilicheka. Lakini swali lilikataa kutoka kichwani, kwa sababu ya Senje. Senje ni shangazi yangu, mamake huyu binamu. Shamba lake liko upande wa Shinyalu, karibu kabisa na msitu wa Kakamega. Mwaka huu nguruwe mwitu wameingia kwa viazi vitamu vyake mara tatu, usiku. Huchimba mstari mzima kama mtu mwenye jembe, na asubuhi wanaacha matope na maganda. Senje aliripoti, akaandikwa kwenye kitabu, akaambiwa asubiri. Kuua hawezi. Akiua, jangili ni yeye.

Kwa hivyo mama hawezi kumgusa nguruwe anayemlia chakula, na mwanawe analipa dola akawapige nguruwe wa mtu mwingine ng'ambo ya bahari. Nilitaka kujua tulifikaje hapa.

Tuanze na Texas, ndiyo rahisi. Nguruwe wa huko si wa huko. Wahispania walifika na nguruwe Amerika ya Kaskazini karne ya 16, wa kufugwa, na waliotoroka wakageuka mwitu. Karne ya 20 matajiri wenye ranchi wakaongeza nguruwe pori kutoka Ulaya, kusudi wapate kitu cha kuwinda. Wakazaana. Leo Texas ina zaidi ya milioni moja, wanaharibu mashamba, na sheria inawahesabu kama balaa. Tangu 2011 inaruhusu hata kuwapiga kutoka kwa helikopta. Tangu 2019 huhitaji leseni ya uwindaji ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi na amekuruhusu. Huko jibu la Kuka ni jepesi: mwenye ardhi ndiye anayeamua.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Khayega, panda matatu inayoelekea Kisumu, shuka Chavakali, kisha ingia barabara ya Kapsabet. Mbele kidogo ni Kaimosi. Wengi wanaijua kwa sababu ya kanisa la Friends: Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni yao hapo 1902. Nimepita hapo mara nyingi nikienda mazishi na harusi, na hakuna siku mtu aliniambia kwamba mnyama mmoja mkubwa aliingia kwenye vitabu vya sayansi akitokea msitu wa upande huo.

Miaka hiyo wazungu walikuwa kwenye mbio za kutafuta wanyama wakubwa wa Afrika ambao Ulaya haikuwa imewaandika. Okapi wa Kongo alipewa jina la kisayansi 1901. Sokwe wa milimani alipigwa risasi na Mjerumani Robert von Beringe 1902, na leo ana jina la Beringe. Kisha, 1904, ikawa zamu yetu. Afisa kijana wa jeshi la King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, alipeleka London mabaki ya nguruwe mweusi mwenye manyoya marefu, uso mpana na mashavu yaliyovimba. Dume lake linaweza kuzidi kilo 200. Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho la London akamwandika: Hylochoerus meinertzhageni. Hata leo mahali alikotoka mnyama huyo wa kwanza hutajwa kuwa msitu wa Nandi, karibu na Kaimosi.

Hebu fikiria. Nguruwe mkubwa kuliko nguruwe pori wote duniani aliishi jirani na Watiriki, Wanandi na Waisukha. Walijua nyayo zake, na bila shaka walijua ladha ya nyama yake. Lakini kwenye karatasi "aligunduliwa" na mtu aliyeingia nchini 1902, na jina alilopewa ni la mtu huyo.

Na mtu mwenyewe ni nani? Kama ulisoma historia ya shule, umekutana naye. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyekuwa ameongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa miaka kumi hivi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Meinertzhagen alikuwa ndiye wa kukutana naye. Koitalel aliuawa hapo, pamoja na watu aliokuja nao. Meinertzhagen alisema alikuwa akijikinga. Uchunguzi ulifanywa mara tatu, mara zote akaachiliwa, kisha 1906 akaondolewa nchini. Fimbo za Koitalel zilikaa na familia ya Meinertzhagen Uingereza hadi 2006, ziliporudishwa Nandi. Watafiti waligundua baadaye, yeye akiwa amekufa, kwamba ndege wengi aliodai kukusanya walikuwa wameibwa kutoka makumbusho na kuandikiwa mahali pa uongo. Nguruwe, angalau, alikuwa wa kweli. Jina bado ni lake.

Sisemi eti jina libadilishwe kesho. Ninachosema ni kwamba mwaka mmoja mtu huyohuyo alikuwa mwindaji msituni kwa Wanandi, na uliofuata akawaulia kiongozi. Na hakuna aliyemwita jangili.

Ujangili ulihitaji sheria kwanza. Tangu mwanzo serikali ya kikoloni ilitoa kanuni za wanyama, na kuwinda kukawa jambo la leseni. Mwaka 1909, wakati Theodore Roosevelt alipokuja na msafara wake mkubwa, leseni ya mgeni anayewinda kwa starehe ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750. Kodi ya nyumba kwa Mwafrika ilikuwa rupia 3 sehemu nyingi, na watu walikuwa wakihangaika kuipata. Piga hesabu: leseni moja ni sawa na kodi ya nyumba 250. Mwenye leseni aliitwa mwanamichezo. Mwenye mtego, mshale au mkuki alivunja sheria bila hata kuhama kijiji.

Kuka alizaliwa miaka ya arobaini. Anakumbuka akiwa kijana wanaume wakipanga kuwinda imbitsi, ndivyo anavyomwita nguruwe, wale walioharibu mashamba. Nilimuuliza walipangaje. Akasema hakukuwa na orodha. Asubuhi mtu alipiga kelele kwamba shamba fulani limechimbwa, wenye mbwa wakaitana, wenye mikuki wakajipanga upande ambao nguruwe angetokea. Watoto walikatazwa kufuata, na walifuata. "Kugawana nyama ndiko kulikuwa na kelele," akasema, "kuliko kuwinda kwenyewe." Aliyepoteza viazi hakukosa fungu lake.

Halafu ikaja 1977. Mei mwaka huo serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyamapori, na 1978 ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vitu kama hivyo. Sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzito: ndovu na vifaru walikuwa wakiisha mbele ya macho yetu. Miaka ya tisini baadhi ya ranchi ziliruhusiwa kwa majaribio kuvuna wanyama na kuuza nyama, hadi mpango huo ukafungwa 2003. Sheria ya 2013 ikakaza zaidi: kuwinda kwa starehe ni kosa, na kuwinda kwa kitoweo ni kosa. Mtalii na Senje wamekatazwa pamoja.

Sipingi marufuku hii haraka-haraka. Najua nchi zilizoacha bunduki wazi na zikajuta. Lakini pia utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori kwenye maeneo ya malisho ya Kenya walipungua kwa takriban asilimia 68 tangu 1977. Kufunga bunduki peke yake hakukutosha, kwa sababu ardhi iliendelea kukatwa, na anayeishi na mnyama aliendelea kupata hasara bila kupata fungu. Msitu wa Kakamega wenyewe umebaki kipande, na mashamba yameuzunguka pande zote. Nguruwe aende wapi? Na Senje aende wapi?

Kwa hivyo, Kuka, jibu ninalo, ila halinifurahishi. Zamani nguruwe alikuwa wa waliotoka na mbwa asubuhi, na wa mwenye shamba. Kisha akawa wa mwenye rupia 750. Leo ni wa taifa, maana yake ni wetu sote, ila viazi anavyokula ni vya mtu mmoja.

Nilimpigia binamu. Nikamwambia nitakuja, lakini ranchi sijui. Akadhani naogopa bunduki. Nikamweleza kuhusu viazi: mara tatu, mwaka huu, na waya wa kuzungushia ile sehemu ya chini nimeulizia, unagharimu chini ya siku moja ya ranchi yake.

Akanyamaza hadi nikafikiri laini imekatika.

"Mama hajawahi kuniambia," akasema.

Hangemwambia. Kila Jumapili anampigia, na kila Jumapili Senje anasema shamba liko sawa.