CG125: Pikipiki Iliyoundwa kwa Ajili ya Watu Wasiomwaga Oili

Uswahilini kuna pikipiki kibao zimelala nyuma ya nyumba. Tairi zimekaa chini, siti imechanika, kuku ameshaligeuza tangi kuwa kiti chake. Mzee mwenye mali kila mwaka anasema "ipo siku nitaifufua", huku vijana wake washaongea na jamaa wa chuma chakavu. Sasa kabla haijapandishwa kwenye mzani, angalia ubavuni imeandikwa nini. Kama ni Honda CG125, basi kinachotaka kuuzwa kwa kilo ni babu wa bodaboda nyingi zinazopita hapo nje kila dakika.

Stori yenyewe inaanzia Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Honda walikuwa wanatamba na injini zenye kamshafti juu kwenye silinda hedi, inayozungushwa na cheni ndogo ya ndani. Injini hizo zilikuwa nyepesi, zinakimbia, na kwa watu wa Ulaya na Marekani zilikuwa mambo yote. Shida ni kwamba pikipiki hizohizo zikifika kwenye nchi zenye vumbi na mizigo, zilikuwa zinakufa mapema.

Wahandisi walipofuatilia tatizo wakakuta halipo kiwandani. Lipo kwenye maisha. Pikipiki iliyoundwa kwa mtu mmoja imebeba baba, mama, watoto na gunia. Cheni haijaona grisi tangu inunuliwe. Filta ya hewa imeziba vumbi. Oili ndiyo usiseme, watu walikuwa wanaongeza tu ikipungua, kumwaga ile chafu ni habari nyingine. Na ile kamshafti ya juu inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya silinda hedi, sehemu ambayo oili inafika mwisho. Oili ikiwa chafu au pungufu, hedi inalika. Hedi ikilika, gharama yake inamkatisha mtu tamaa kabisa.

Hapo kampuni ingeweza kuwalaumu wateja, iwaandikie kitabu kinene cha masharti na kuendelea na mambo yake. Wale wahandisi, ambao majina yao hayajulikani mtaani kwetu, wakafanya kitu kingine: wakakubali kwamba watu hawatabadilika, basi injini ndiyo ibadilike.

Walichofanya kilionekana kama kurudi nyuma. Kamshafti ikashushwa chini, karibu na krenki, ikawa inazungushwa na gia badala ya cheni. Ikawa na nundu moja tu inayosukuma fimbo mbili ndefu, zile mafundi wanaziita pushirodi, ambazo zinapanda juu kufungua valvu. Kwa Honda huo ulikuwa mtindo wa zamani. Hata Super Cub ya mwaka 1958 ilianza na pushirodi, kisha ikahamia kamshafti ya juu katikati ya miaka ya 1960. Halafu leo mnarudi kulekule? Ndiyo, kwa sababu kule chini oili ipo muda wote, na hakuna cheni ya ndani ya kulegea.

Hawakuishia hapo. Cheni ya nyuma ikafungiwa ndani ya kava zima ili vumbi na matope visiione. Oili ikachujwa kwa wavu na kwa kikombe kinachozunguka kwenye krenki, uchafu unarushwa pembeni na kuganda humo. Kwa hiyo hakuna filta ya kununua dukani, na kitu kisichonunuliwa hakiwezi kukosekana. Hiyo ni akili kubwa kuliko inavyoonekana.

Pikipiki ikatoka mwaka 1976, sisi 124, pistoni ya milimita 56.5. Mwaka huohuo ikaanza kuundwa Brazil, kiwanda cha Manaus, na aliyeitangaza ni mfalme wa soka wa nchi ile, yule wa jezi namba 10, jina halina haja ya kutajwa. Baadaye Pakistani nao wakaunda ya kwao na huko mtu akisema "125" anaeleweka anaongelea pikipiki gani. Wachina nao wakaichukua injini ile, wakainakili kwa wingi wa ajabu, na nakala hizo ndizo zilizoingia Afrika Mashariki wakati bodaboda zinalipuka. Ukiona injini ya Kichina imegongwa 156FMI au 162FMJ, namba 1 ni silinda moja, 56 au 62 ni upana wa pistoni kwa milimita, F ni kupozwa na hewa. Ila namba hizo hazikwambii kama ndani kuna pushirodi. Hilo angalia kwenye hedi: ikiwa na kifuniko cha duara kikubwa upande wa kushoto, hapo kuna cheni ya ndani. Kama hakipo, hiyo ni ukoo wa CG.

Sasa kwa kijana anayetaka kuifufua ya mzee pale uani, habari njema ni kwamba injini ile iliundwa ili ihudumiwe na mtu asiye na karakana. Habari mbaya ni kwamba wengi wanaanza na rangi. Tangi linapigwa nyekundu inayong'aa, picha zinapostiwa, halafu injini haizunguki.

Kwanza kabisa, usipige kiki. Pikipiki iliyolala miaka, ringi zinaweza kuwa zimeng'ang'ania silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu, acha ilale hata siku mbili, kisha weka gia kubwa na uzungushe tairi la nyuma polepole kwa mkono. Ikigoma, ongeza oili na subira, sio nguvu. Petroli ya zamani mwaga yote, maana inaacha gundi kwenye vitundu vya kabureta. Vitundu hivyo visafishwe kwa hewa na dawa ya kabureta, na anayevichokonoa kwa waya anavipanua, halafu baadaye anashangaa pikipiki inakunywa mafuta.

Kupima tapeti ndiko kunakowatisha watu, na kumbe ni dakika chache. Injini iwe ya baridi, pistoni iwe juu kabisa wakati valvu zote mbili zimefunga, yaani vipini vyake vyote viwili vinacheza kidogo. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08, kote kuwili. Ikibana, valvu haifungi vizuri na inaungua. Ikilegea, utasikia kelele ya cherehani mtaa mzima.

Za zamani kabisa zinatumia platini, na nafasi yake ni milimita 0.3 mpaka 0.4. Vijana wengi wa gereji hawajawahi kuishika maana wamekulia kwenye moto wa kielektroniki. Kwa hilo atafutwe fundi mzee, yule aliyebaki na miwani ya kufunga kwa kamba, na alipwe vizuri akifundisha. Umeme wake pia ni wa volti 6, kwa hiyo ukiweka taa za volti 12 zitawaka kama kibatari.

Ikishawaka, moshi wa mwanzo usikutishe, ni ile oili uliyomimina. Moshi wa bluu usiokata hata baada ya kuzunguka mtaa ni ringi au silinda, hapo ndipo pesa halisi inapoanza. Oili inaingia kama lita moja tu. Ya kwanza imwagwe mapema na ule wavu utolewe uoshwe, maana takataka za miaka yote zitakuwa zimeshuka pale.

Na kabla hata ya spana ya kwanza, itafutwe kadi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Sugua kutu taratibu kwa msasa laini uisome, ulinganishe na kadi. Kama mwenyewe aliyeandikwa yupo hai, mabadiliko ya umiliki yafanyike angali anaweza kusaini.