Santuri ya Albert King iliyoamuliwa na wasikilizaji

Agosti 1967, kampuni ya Stax ya mjini Memphis, Marekani, ilitoa santuri ya mpiga gitaa Albert King iitwayo Born Under a Bad Sign, yaani aliyezaliwa na nyota mbaya. Jaladani mlichorwa alama za nuksi, zikiwemo paka mweusi na kalenda ya Ijumaa tarehe 13. Sokoni haikutamba. Haikuingia hata katika chati ya albamu ya jarida la Billboard.

Leo, wapenzi wa bluzi wakiulizwa ni albamu gani ya studio apewe mtu anayeanza kuusikiliza muziki huo, hii ni nadra kuachwa nje. Hata hivyo sababu wanazotoa hazifanani, na wengine huisifu nusu yake tu. Zaidi ya nusu karne imepita na mabishano bado yapo. Ukiyafuatilia toka mwanzo, utaona jinsi kazi moja ilivyopokewa kwa zamu na makundi tofauti, kila kundi likichukua lake.

Duka lililokuwa mizani

Albert King alizaliwa Mississippi mwaka 1923. Kabla ya muziki kumlisha alifanya kazi za sulubu, zikiwemo za kuendesha buldoza, na kwa mwili wake mkubwa na sauti yake laini jina la utani la buldoza ya mahameli likamkaa. Mwaka 1961 alipata kibao kimoja kilichofanya vizuri katika chati ya muziki wa watu Weusi, kisha mambo yakapoa. Alipoingia Stax mwaka 1966 alikuwa na zaidi ya miaka 40, umri ambao wanamuziki wengi huhesabiwa kuwa wameshapitwa.

Stax ilianzishwa na ndugu wawili Wazungu, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, na jina lenyewe lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Studio ilikuwa ndani ya jumba la zamani la sinema katika barabara ya McLemore, kwenye mtaa wa watu Weusi, na sakafu yake ilibaki na mteremko uleule wa ukumbi wa watazamaji. Mbele, pale palipokuwa pakiuzwa bisi, Estelle Axton alifungua duka la santuri lililoitwa Satellite.

Duka hilo ndilo lililoipa Stax masikio. Vijana wa mtaani waliingia, wakasikiliza, wakacheza, wakanunua au wakaondoka mikono mitupu. Bi Axton aliwapigia nyimbo mpya na kuwatazama nyuso na miguu yao, kisha akapeleka habari studio, ukuta wa pili. Kwa hiyo maoni ya wasikilizaji yaliingia kazini tangu mwanzo, wakati nyimbo zikiwa bado mbichi.

Albert King alirekodi kwa vikao vichache kati ya Machi 1966 na Juni 1967. Nyimbo kadhaa zilitoka kwanza kama santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande: Laundromat Blues, Oh, Pretty Woman, Crosscut Saw, na hatimaye ule uliobeba jina la albamu. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa watu Weusi wa Kusini na wa miji ya viwanda, waliozisikia redioni na katika mashine za baa zinazocheza santuri kwa sarafu. Baadhi ziliingia katika chati ya muziki wa watu Weusi, yaani R&B, ingawa hakuna iliyofika kumi bora. Albamu ilipotoka, mashabiki hao walikuwa wameshanunua vipande vyake kimoja kimoja.

Bendi iliyokuwa nyuma yake

Waliompigia King walikuwa Booker T. & the MG's, bendi ya nyumbani ya Stax: Booker T. Jones kwenye kinanda, Steve Cropper kwenye gitaa, Donald "Duck" Dunn kwenye besi na Al Jackson kwenye dramu. Wawili walikuwa Weusi na wawili Wazungu, katika mji ambao ubaguzi wa rangi ulikuwa bado unapanga nani akae wapi. Isaac Hayes naye alipiga piano, na wapulizaji Wayne Jackson na Andrew Love wakaleta tarumbeta na saksafoni.

Wimbo wa Born Under a Bad Sign uliandikwa na Booker T. Jones pamoja na mwimbaji William Bell. Unaongozwa na besi inayorudia kauli moja nzito, na gitaa la King halishindani nayo. Linaingia pale sauti yake inaponyamaza. Katika Crosscut Saw, wimbo wa bluzi uliokuwa umesharekodiwa na Tommy McClennan miaka ya 1940, Al Jackson aliweka mapigo yenye asili ya Cuba. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Lubumbashi aliyelelewa na rumba huutambua mwendo huo upesi, maana midundo ya Cuba ilisafiri pande zote mbili: ilikwenda Kongo kwa njia ya santuri na ikaingia Marekani kupitia New Orleans.

Wapiga gitaa wanaingia

Kundi la pili la wasikilizaji lilikuwa la wanamuziki, na lilikuja haraka. King alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, akitumia gitaa la mkono wa kulia alilolipindua bila kuhamisha nyuzi. Nyuzi nene zikawa chini, nyembamba juu. Pale wengine wanaposukuma uzi kwenda juu ili sauti ipande, yeye aliuvuta kwenda chini kwa nguvu ya kiganja kizima, na sauti ikapanda kuliko walivyozoea kusikia. Alikung'uta kwa kidole gumba. Gitaa lake la Gibson, lenye umbo la herufi V, alilipa jina la Lucy.

Mwaka huohuo wa 1967, Eric Clapton wa Uingereza alipiga solo katika wimbo Strange Brew wa bendi ya Cream ambayo kila aliyemjua King alilitambua chimbuko lake. Mwingereza mwenzake John Mayall alirekodi upya Oh, Pretty Woman, na Paul Butterfield wa Chicago akaurekodi wimbo wenye jina la albamu. Cream nao waliutoa mwaka 1968, na kwa mkono wao ukawafikia vijana wa Kizungu ambao hawakuwahi kukanyaga duka la Satellite. The Hunter, wimbo mwingine wa santuri hiyo, ukachukuliwa na bendi ya Free. Mwaka 1968 King alipanda jukwaa la Fillmore mjini San Francisco, mbele ya umati wa vijana wa roki, na albamu ya moja kwa moja iliyotokana na maonyesho ya ukumbi huo, Live Wire/Blues Power, ikampa kipato na jina jipya.

Miaka kumi na mitano baadaye Stevie Ray Vaughan wa Texas alipiga solo za albamu Let's Dance ya David Bowie kwa mtindo uliojaa mivuto ya King. Desemba 1983 yeye na King walikaa pamoja katika studio ya televisheni huko Hamilton, Kanada, mzee na kijana, wakapiga na kuzungumza. Kipindi hicho kilitolewa kama albamu mwaka 1999.

Wanachobishania

Malalamiko ya kwanza hutoka kwa wapenzi wa bluzi ya Chicago, ya akina Muddy Waters na Howlin' Wolf. Kwao santuri hii imenyooshwa mno: tarumbeta zimepangwa, mdundo umesafishwa, jasho limefutwa. Wanaiita soul iliyovaa nguo za bluzi.

Malalamiko ya pili ni ya wapenzi wa gitaa. Hakuna wimbo unaofika dakika tano, na solo nyingi zinakatika pale zinapokolea. Wao huchagua Live Wire/Blues Power, ambako King anapewa nafasi ya kutosha. Katika santuri ya studio wanashikilia Personal Manager, wimbo ambao gitaa linaachiwa uwanja mpana zaidi.

Malalamiko ya tatu yanahusu nyimbo mbili za taratibu: I Almost Lost My Mind wa Ivory Joe Hunter, ambao ndani yake mnasikika filimbi, na The Very Thought of You, wimbo wa mapenzi wa Mwingereza Ray Noble wa mwaka 1934. Wasikilizaji wengi huziruka. Husema zilijazwa tu ili idadi itimie, kwa vile albamu yenyewe ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka.

Hoja hizi zina mashiko, lakini zote zinaipima santuri kwa mizani iliyoletwa baadaye. Wanunuzi wa kwanza hawakuwa wakihesabu urefu wa solo. Walinunua wimbo wa kuchezeka, wenye kisa na mwimbaji. Kwao tarumbeta hazikuwa pambo la kuficha bluzi; ndizo zilizokuwa sauti ya redio yao kila siku, kwa waimbaji wa soul kama Otis Redding na Sam & Dave. Stax ilimchukua mtu wa makamo aliyepiga muziki ambao vijana Weusi walikuwa wameanza kuuona wa wazazi wao, ikamweka juu ya mdundo ambao vijana haohao walikuwa wakiucheza. Huko ndiko kulikoipa bluzi nguvu mpya, na King hakulazimika kubadili hata sauti moja ya gitaa lake.

Nyimbo za taratibu nazo zina ushahidi wake. Tukimsikiliza King kama mpiga gitaa tu, The Very Thought of You unaonekana umepotea njia. Tukimsikiliza kama mwimbaji, ndio unaofungua kila kitu. Anaimba polepole, kwa sauti ya moshi, akiliachia kila neno lipumue, kisha tunagundua kwamba gitaa lake linafanya hivyohivyo katika nyimbo nyingine zote: kauli fupi, kimya, jibu. Wengi waliomwiga walichukua mivuto ya nyuzi na kuacha pumzi, ndiyo maana solo zao zina sauti nyingi kuliko zake na zinasema machache.

Heshima rasmi zilikuja baadaye. Albamu iliingizwa katika Blues Hall of Fame mwaka 1985 na Grammy Hall of Fame mwaka 1999. King mwenyewe, aliyefariki Memphis Desemba 1992, aliingia Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2013. Ni haki yake. Lakini vitabu vingi bado vinaeleza thamani ya santuri hii kwa kutaja majina ya Waingereza waliojifunza kwayo, kana kwamba ilikuwa ikisubiri kuthibitishwa nao. Haikuwa ikisubiri. Watu wa Memphis walishaisikia na kuilipia wimbo kwa wimbo, na walimpenda King kwa sauti yake yote, ya koo na ya Lucy. Anayetaka kuielewa leo aianze upande wa kwanza na kuisikiliza hadi mwisho, takriban dakika 35, bila kuruka wimbo.