Uzee wa waandishi wa mafumbo

Waseminari wengi wanapenda hadithi za upelelezi, lakini huzisoma kwa kujificha kidogo, kama mtoto anayelamba sukari mama yake akiwa shambani. Nami nilifanya vile vile katika seminari kubwa. Vitabu vya Simenon vilipita mkono kwa mkono, vingine bila jalada. Kimoja kilinifikia bila kurasa za mwisho, na mpaka leo sijui nani aliua.

Lakini leo sitaki kusema juu ya hadithi zenyewe. Nataka kuwatazama waandishi wao wakati walipokuwa wazee. Mtu aliyetunga mafumbo ya vifo kwa miaka mingi, akianza kuona kifo chake mwenyewe kinakaribia, anaandika nini? Tena anaamini nini? Ulizo hili si la mchezo kwetu sisi wa Kivu, nami nitaonyesha sababu yake.

Tuanze na yule ambaye jina la mpelelezi wake linajulikana duniani pote. Arthur Conan Doyle alizaliwa mwaka 1859, akasomeshwa na Mapadri Wayezuiti huko Stonyhurst, kisha akaiacha imani angali kijana. Sherlock Holmes alionekana mara ya kwanza mwaka 1887. Sisi Wakongo tunapashwa kumkumbuka Doyle kwa jambo jingine pia: mwaka 1909 alitoa kitabu cha kushitaki maovu yaliyotendwa juu ya babu zetu katika Kongo ya mfalme Leopold. Hapo alifanya kazi ya mpelelezi kwelikweli: alikusanya ushuhuda na ripoti, akazipanga, akasema mwenye kosa ni nani.

Basi, mtu huyu mwenye akili kali namna ile, mwaka 1916 alitangaza mbele ya watu kwamba yeye ni mfuasi wa wale wanaodai kusema na roho za wafu. Wengi hufikiri ni kilio cha mwanawe kilichompotosha. Lakini tarehe zinakataa, maana mwana yule alikufa mwaka 1918. Mwaka 1922 Doyle alitoa kitabu kizima kutetea picha ambazo wasichana wawili wa Uingereza walisema wamewapiga viumbe wadogo wenye mabawa. Mwaka 1983 wasichana wale, nao sasa wamekuwa vikongwe, waliungama kwamba viumbe wale walikuwa karatasi zilizokatwa kwa makasi. Doyle alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1930. Katika miaka ya 1928 na 1929 alisafiri hata Afrika ya Kusini, Rhodesia na Kenya, mzee wa karibu miaka sabini, akihubiri habari zake za roho.

Jambo la ajabu ni kwamba Holmes mwenyewe hakumfuata. Katika hadithi moja ya mwaka 1924, watu wanamletea Holmes maneno ya mnyonya damu, naye anakataa kabisa na kutafuta sababu ya kibinadamu, akaipata. Mtungaji aliamini mizimu, mpelelezi wake hakuamini. Naona hapo kwamba kazi iliyojengwa vema ina uaminifu wake, hata mwenye kuijenga akigeuka.

Monsinyori Ronald Knox alilijua neno hilo. Padri huyu Mwingereza alitunga hadithi sita za upelelezi kati ya mwaka 1925 na 1937, na mwaka 1929 akaandika amri kumi za kazi hiyo. Moja yazo inakataza kutumia mambo yapitayo nguvu za asili kwa kufumbua fumbo. Padri, ndiye anayekataza! Wengine wangetazamia kinyume. Lakini padri anajua tofauti ya fumbo la imani na fumbo la maiti iliyolala chini ya kitanda. Uzee wake Knox aliutoa kwa kuitafsiri Biblia, na hadithi akaziacha.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwandishi ninayempenda kuliko hawa wote hakuwa Mkatoliki, wala Mzungu. Ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alisoma katika shule ya misioni, akamaliza mwaka 1938, akafanya kazi ya afya ya watu kwa muda wa miaka kumi, akiwa mkaguzi. Ebu fikiri kazi ya mkaguzi wa afya: kuingia nyumba kwa nyumba, kutazama visima na vyoo, kuuliza maswali ambayo watu hawapendi kuyajibu. Sidhani kazi ile ilipotea bure. Mwaka 1948 akawa mwandishi mkuu wa gazeti la Zanzibari, kisha akasaidia katika magazeti mengine, na tangu mwaka 1958 mpaka 1968 aliongoza gazeti la Mkulima.

Katika miaka hiyo ya kazi, hadithi ilipata mabaki tu ya wakati wake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa mwaka 1960, naye ana miaka arobaini na miwili. Halafu kimya. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule alioacha kazi. Na ndipo mlango ukafunguka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, mtu akivuka hamsini na tano! Wenzake wa rika lile pengine walikuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa. Mimi namwona akiwa na deni: mambo yote aliyoyaona kwa macho ya mkaguzi na kuyasikia kwa masikio ya mwenye gazeti, yalikuwa yanamdai.

Msomaji wa Bukavu atajikwaa kidogo kwa kile kitabu cha kwanza. Kwetu mzimu ni roho ya marehemu. Katika kitabu kile ni mahali, mahali pa kuombea na kutambikia, ambapo watu wanapaogopa. Mtu mwenye mali anaonekana amekufa hapo. Watu wako tayari kusema ni wazee wa kale waliomwua. Lakini Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, wanauliza mambo madogomadogo: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani anapata faida. Jibu sitalisema, kitabu kitafuteni. Na Giningi, katika masimulizi ya Unguja, ni mji wa wachawi. Ndiyo kusema, mwandishi huyu alitwaa majina yenye kutisha kuliko yote katika nchi yake, akayatia juu ya jalada, kisha ndani ya kitabu akamwacha mtu aulize maswali. Alifanya vile kijana wake alipokuwa Bwana Msa wa mwaka 1960, na uzeeni hakuiacha njia ile.

Hapa ndipo ninaposema ulizo hili si la mchezo. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenda kuzika mtoto katika kijiji kimoja cha parokia yetu. Nilipofika, vijana walikuwa wamekwisha kuuzunguka lupangu wa mama mzee mmoja, mjane. Walisema kifo hiki kina mtu. Katekista alikuwa amesimama mlangoni pa mama yule, peke yake, anatetemeka. Hakutoa hotuba juu ya ulozi. Aliwauliza tu: mtoto alianza kuugua siku gani? Alikunywa maji ya wapi? Nani mwingine anaharisha? Wakajibu, mmoja huku, mwingine kule, na katika kujibu hasira ikapungua. Watoto wengine watatu wa upande ule wa mto walikuwa wanaharisha. Mama mzee akalala salama usiku ule. Si wote waliookoka: mwaka 2021 wanawake wazee kadhaa waliuawa kwa neno hilo hilo katika Kivu yetu ya Kusini. Mimi siku ile nilikuwa na stola shingoni na sikuwa na swali hata moja kichwani.

Sijui kama katekista huyo amesoma hadithi ya upelelezi hata moja. Baadaye nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale. Alikirudisha baada ya miezi minne, akasema Kiswahili cha Unguja kina chumvi nyingi, lakini Bwana Msa angefaa kuwa mkuu wa shirika.

Na Simenon, aliyetupa furaha ya seminari? Mbelgiji huyu wa Liège alipita Kongo mwaka 1932. Komisari Maigret alimwandika mara ya mwisho mwaka 1972, kisha akaacha hadithi kabisa, akatwaa mashini ya kunasa sauti, akasimulia maisha yake mwenyewe, mabuku ishirini na moja. Alikufa Lausanne mwaka 1989. Nimejaribu kuyasoma mabuku hayo. Yanachosha. Aliyekuwa akiwasikiliza wengine sasa anajisikiliza.

Muhammed Said Abdulla alikaa kimya tena baada ya mwaka 1976. Kitabu chake cha mwisho cha Bwana Msa kilitoka mwaka 1984, yeye ana miaka sitini na sita. Angeweza kukipa jina la ushindi. Alikiita Kosa la Bwana Msa. Miaka saba baadaye, mwaka 1991, alifariki.