Olympic Haikuanguka, Ilijaa

Kila matokeo ya mtihani yakitoka, kuna sentensi moja lazima utaisikia Nairobi: "Shule za gava ziliharibika." Utaisikia kwa matatu, utaisikia kwa kinyozi, hata kwa watu waliosomea hizo shule wenyewe. Mimi naona hiyo sentensi imeruka historia, na sisi wa Jamhuri hatuna kisingizio, kwa sababu historia yenyewe iko mwendo wa miguu kutoka kwetu.

Tuanze na ardhi. Jamhuri, Ayany na Olympic ni mitaa iliyomegwa kutoka Kibra ya zamani, pale wakoloni walipowaweka askari wa Kinubi wa KAR. Ndio maana hapa nyumba ya mawe yenye geti na nyumba ya mabati ni majirani. Watoto wa pande zote mbili wanaangalia shule zilezile. Swali la miaka yote limekuwa moja: nani anaruhusiwa kuingia?

Wakati wa mkoloni jibu lilikuwa rangi, bila aibu. Kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na pesa zilifuata mpangilio huo. Duke of York ya Ngong Road, shule ya wavulana wa Kizungu, leo ni Lenana. Duke of Gloucester ya Wahindi leo ni Jamhuri High, ambayo iko Ngara, msiichanganye na mtaa wetu.

Baada ya uhuru, tume ya Simeon Ominde ya 1964 ikataka shule ziunganishwe. Ziliunganishwa kweli, lakini zile zilizokuwa za Wazungu zikabaki na karo ya juu. Ukuta wa rangi ukawa ukuta wa pesa. Desemba 1973 Mzee Kenyatta akatangaza hakuna karo darasa la kwanza hadi la nne. Haikuchukua muda shule zikaleta ada ya ujenzi. Karo ilitokea mlangoni ikarudi kwa dirisha.

Sasa tukuje Olympic Primary, pale Kibera Drive. Kabla ya 2003 hiyo shule ilikuwa inatajwa kati ya shule bora za umma Nairobi, na iko Kibra! Watu hupenda hiyo stori kwa sababu ni tamu. Lakini kulikuwa na ada, na mzazi wa kibarua aliyeshindwa kulipa, mtoto wake hakuwa kwa hiyo hesabu ya alama.

Januari 2003, serikali mpya ya Kibaki ikafuta karo ya msingi. Olympic wazazi walijazana getini, wengine wakaingia kwa nguvu wakiogopa nafasi zitaisha. Nchi nzima wanafunzi wa msingi walipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, wala madarasa.

Halafu ikafuata ile sehemu watu hawapendi kusimulia. Wazazi wa nyumba za mawe waliona msongamano wakahamisha watoto kwenda akademi. Tessa Bold, Germano Mwabu na wenzao walichunguza takwimu za taifa wakaona hivyo hivyo: familia zenye uwezo zilihama shule za umma, na pengo la matokeo na shule za binafsi likapanuka. Na si matajiri peke yao. Timu ya James Tooley ilihesabu shule 76 za binafsi ndani ya Kibra kwenyewe, nyingi za mabati, zikilipiwa na watu wasio na kitu, kwa sababu walitaka mwalimu anayejua jina la mtoto.

Kwa hivyo alama ziliposhuka, ni nini kilishuka? Darasa lilibadilika. Mtoto ambaye hangefanya KCPE kabisa sasa alikuwa anaifanya. Mimi hilo naliita ushindi, hata kama wastani ulionekana mbaya. Sisemi msongamano hauumizi. Unaumiza sana, na 1,020 ilikuwa mzaha. Nasema tu, wastani wa shule Nairobi mara nyingi unakuambia nani alipita getini kabla ya kukuambia kilichofundishwa ndani.

Sasa tuko JSS. Tangu 2023, Gredi ya 7 hadi ya 9 zimewekwa ndani ya shule za msingi, shule zilezile zilizofurika 2003. Pesa kwa karatasi ni 15,042 kwa mwanafunzi, lakini maabara haijengwi kwa tangazo. Akademi yenye maabara na watoto ishirini na tano darasani inafanya KJSEA hiyohiyo, halafu inatundika bango la matokeo getini. Serikali ilipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi 2014, lakini bango halijawahi kusikia. Na safari hii matokeo ndiyo yanachangia mtoto aende senia skuli gani, yaani nani apate ile yenye vifaa na nani abaki ya mtaani.

Lakini kuna kitu KCPE haikuwa nacho. Mtoto aliyefanya KJSEA 2025 alikuwa amefanya KPSEA Gredi ya 6 mwaka wa 2022. Kwa mara ya kwanza serikali ina picha mbili za mtoto yuleyule, ya kuingia JSS na ya kutoka. Hapo ndipo unaweza kujua shule imefundisha au imechagua tu. Shule ya Kibra iliyompokea mtoto chini kabisa ikampandisha ngazi mbili imefanya kazi kubwa kuliko akademi iliyompokea juu ikamrudisha juu.

KNEC wana hizo namba. Watoe kwa kila shule mtoto alipanda kiasi gani, na mwalimu mmoja alikuwa na wangapi darasani. Bila hiyo, tukisema "shule za gava ziliharibika" tutakuwa tunaendelea kuwalaumu watoto waliochelewa kufunguliwa geti.