Njumu za mtoto: pima mguu nyumbani kabla ya kwenda mnadani

Kila mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanapokaribia, swali linalotawala kwa wazazi wa Rungwe ni moja. Mtoto amechaguliwa timu ya shule, anahitaji viatu vya mpira, hela iliyopo ni ya jozi moja tu, na anayekwenda sokoni ni mama au baba, si mtoto mwenyewe. Mzazi atajuaje kama vitamtosha?

Makala hii tumemwandikia mzazi huyo, pamoja na kijana wa timu ya kijiji anayejinunulia mwenyewe. Isome ukiwa bado nyumbani, kwa sababu nusu ya kazi inafanyika kabla hujapanda gari la Kiwira au la Mwanjelwa.

Tuseme wazi tangu mwanzo: jina la kampuni lililoandikwa ubavuni si jambo la kwanza. Njumu ya jina kubwa isiyomtosha mtu itamng'oa kucha kama nyingine yoyote. Yanayoamua ni mambo mawili, namna kiatu kinavyokaa mguuni na namna meno yake yanavyolingana na uwanja.

Pima kwa sentimita, acha kukisia

Pima jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mchezaji avae soksi zile atakazochezea. Weka karatasi sakafuni, iguse ukuta, kisha asimame juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Asimame kweli, uzito wote uwe juu ya mguu huo, kwa sababu mguu wa mtu aliyekaa ni mfupi kuliko wa aliyesimama. Shika kalamu wima, chora mguu wote kuuzunguka, halafu weka alama pale kidole kirefu kinapoishia. Kwa watu wengine kidole cha pili hukizidi kidole gumba, kwa hiyo angalia vizuri.

Pima kwa rula ya shule kutoka ukutani hadi kwenye alama. Rudia mguu wa pili. Ni kawaida miguu kutolingana. Chukua kipimo cha ule mkubwa. Andika namba hiyo kwenye simu yako, na ile karatasi ikate kwa kufuata mchoro, uiweke mfukoni.

Sasa namba za viatu. Kwenye kitambaa cha ndani ya ulimi wa kiatu huwa kuna kibandiko chenye namba kadhaa: ya Uingereza (UK), ya Marekani (US), ya Ulaya (EUR au FR), na mara nyingi ya sentimita (CM au JP). Tafuta ile ya sentimita kwanza. Baadhi ya kampuni huandika kwa milimita, kwa hiyo ukiona 265 maana yake ni sentimita 26.5. Kwa kawaida namba hiyo inaeleza urefu wa mguu unaokusudiwa, si urefu wa kiatu, hivyo nafasi ya vidole imeshahesabiwa ndani yake. Mguu wa 26 unatafuta 26, au 26.5 kama soksi ni nene.

Kama namba ya Ulaya ndiyo pekee inayosomeka, ipo hesabu rahisi ya simu. Chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa 24 unatoa 38.25, basi jaribu 38 na 39. Mguu wa 26 unatoa 41.25, basi jaribu 41 na 42. Kampuni hazilingani sawasawa, kwa hiyo hesabu hii inakufikisha karibu tu. Namba ya Marekani iache kabisa ukiweza, kwa sababu ya wanaume na ya wanawake ni tofauti, na kwenye fungu la mtumba hujui umeshika ipi.

Na kama kibandiko kimeshafutika? Hapo ndipo kijiti kinaposaidia. Kata kijiti cha mwanzi chenye urefu wa mguu na uongeze nusu sentimita hadi sentimita moja, usizidishe hapo. Mnadani kipitishe ndani ya kiatu kutoka kisigino hadi ncha. Kikilala bila kujipinda, urefu upo. Kikicheza mbele na nyuma, kiatu ni kikubwa. Halafu toa soli ya ndani na uilinganishe na ile karatasi uliyokata. Urefu peke yake hautoshi. Mtu aliyekua akitembea peku huwa na mguu mpana mbele, penye vidole, na njumu nyingi zimetengenezwa nyembamba. Karatasi ikizidi soli ya ndani kwa zaidi ya milimita chache kila upande, acha, hata kama muuzaji anakuapia kwamba kitatanuka. Ngozi halisi hutanuka kidogo. Plastiki haitanuki, inapasuka.

Kiatu cha kukulia

Tunajua kinachofuata. Mzazi anasema: mguu wa mtoto unakua, nimchukulie namba mbili juu, ncha tutajaza kitambaa. Tunaielewa hesabu hiyo ya mfukoni, lakini kwenye njumu ni hesabu mbaya. Mguu unateleza ndani, kisigino kinachunika, na mtoto akigeuka kwa kasi kiatu kinabaki na mguu unaendelea. Hapo ndipo kifundo kinapoteguka. Kitambaa cha ncha nacho hukunja vidole.

Ukilazimika kununua kikubwa, usivuke namba moja. Badala ya kujaza ncha, weka soli ya pili ya ndani, nzima, kutoka kisigino hadi vidoleni, ili mguu upande juu na kiatu kibane kila mahali. Ukifika msimu mwingine unaitoa. Na kwa shule, tungependa kuona jambo moja likizoeleka zaidi: sanduku la njumu. Mtoto aliyezidiwa na zake anaacha, mwingine anachukua. Gharama yake ni sanduku na mwalimu mmoja wa kulitunza.

Kisigino ndicho hakimu

Mchezaji mwenyewe akiwapo, asijaribu kiatu akiwa amekaa. Avae vyote viwili, afunge kamba hadi juu, atembee, kisha akimbie hatua kumi na kusimama ghafla. Vidole vikigonga mbele, ni vidogo. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, ni vikubwa au si vya umbo lake. Vidole viguse karibu na ncha bila kukunjika. Njumu hukaa kwa kubana kuliko kiatu cha kanisani, lakini haiumizi. Ikiuma sokoni itauma zaidi dakika ya 60.

Jambo hili halihusu soka peke yake. Nairobi kuna vijana wa timu ya Ice Lions wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu, na mazoezi yao wameyafanya kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari. Viatu vyao vina chuma chini, na kipimo cha kwanza ni hicho hicho cha kisigino. Kikiinuka, chuma hakimtii mchezaji. Kwenye tope la Tukuyu kiatu kilicholegea hakimtii mtu vilevile, ila huku anaangukia matopeni.

Meno na viwanja vyetu

Wilaya hii ni ya mvua. Yapo maeneo ya Rungwe yanayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na viwanja vingi vya vijiji ni udongo wenye nyasi haba. Miezi ya masika uwanja ni tope linaloteleza. Ukifika Agosti, uwanja ule ule umekauka na kuwa mgumu kama barabara. Tukuyu Stars, Banyambala wetu waliochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, walikuwa timu ya mji huu huu wa mvua.

Kwenye soli au kwenye kibandiko tafuta herufi. FG ni za uwanja mkavu wenye nyasi, meno ya plastiki ya urefu wa wastani. SG ni za uwanja laini, meno machache na marefu, mara nyingi ya chuma yanayokazwa kwa skrubu. AG ni za nyasi bandia. TF zina vinundu vidogo vingi vya mpira. IC au IN ni bapa, za ukumbini.

Ukiwa na hela ya jozi moja, sisi tunakushauri FG yenye meno ya duara. Kwenye tope zito zitateleza kidogo kuliko SG, lakini mwaka mzima zinatumika. SG zinavutia ukiziona mnadani siku ya mvua, ila mwezi wa nane zitakusimamisha juu ya meno sita tu. Nyayo zitauma, na jino refu likikwama ardhini wakati mwili unageuka, goti ndilo linalolipa. Meno ya umbo la kisu nayo hushika sana. Kwa mtoto anayechezea uwanja mgumu, TF si aibu. Kwa kweli zinamfaa kuliko hizo zote. Kwenye tope ndipo zinaposhindwa.

Kagua mtumba kabla ya kutaja bei

Ukianza na bei, macho yanafumba. Kwanza linganisha kulia na kushoto, kwa sababu kwenye fungu jozi huchanganyika na utakuta 41 imefungwa kamba na 42. Kunja kiatu. Kinatakiwa kikunjike penye vidole. Kikikunjika katikati, soli imekufa. Vuta soli kwa kucha kuzunguka ncha. Ikiachia kidogo, fundi anaweza kuishona, na bei ipungue kwa sababu hiyo. Ikiwa bapa la soli lenyewe lina ufa, rudisha.

Ingiza mkono ndani upapase kama kuna uzi mgumu, msumari au kitambaa kilichochanika kisiginoni. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba, kiwe kigumu. Angalia meno: yakiwa yamelika upande mmoja, mguu utalalia upande huo. Meno ya skrubu yajaribu kufungua hata moja. Yaliyoshikwa na kutu hayatatoka tena, na jino la chuma lililolika huwa na makali yanayoweza kumchana mwenzako. Mwamuzi ana haki ya kukutoa uwanjani kwa hilo.

Vikinga ugoko

Hivi ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo tunavyovipigia kelele zaidi. Sheria ya 4 kati ya sheria 17 za soka inamtaka kila mchezaji awe na fulana yenye mikono, kaptura, soksi, viatu na vikinga ugoko vilivyofunikwa na soksi. Hereni, pete, mkufu na bangili ni marufuku, hata ukizifunika kwa plasta.

Kikinga kinachofaa huanzia vidole viwili au vitatu juu ya kifundo na kuishia kiasi kama hicho chini ya goti. Vile vidogo kama kiberiti ambavyo vijana wameviona kwenye televisheni vinaacha sehemu kubwa ya mfupa wazi. Watoto wengi hutumia kipande cha boksi. Siku kavu ni afadhali kuliko kukosa, ila mvua ikinyesha linakuwa uji. Wengine hukata dumu. Ukifanya hivyo, lainisha kingo zote na uzungushie sponji na kitambaa, kwa sababu plastiki tupu ikivunjika inachana. Bado haifikii kikinga cha dukani. Familia ikilazimika kuchagua kati ya njumu mpya na njumu za mtumba pamoja na vikinga, sisi tungechukua mtumba na vikinga.

Kwa wasichana, sidiria ya michezo inayoshika bila kubana pumzi ni kifaa cha mchezo kama vingine, na kiingizwe kwenye bajeti bila kuoneana haya. Glovu za kipa zizidi kidogo ncha za vidole, basi.

Baada ya mechi

Kiatu kipya kivaliwe nusu saa nusu saa mazoezini kwa siku kadhaa kabla ya mechi. Lengelenge likitokea usilitumbue. Osha kwa maji safi na sabuni, funika. Likitoa usaha, au wekundu ukianza kusambaa, ni zahanati. Na anayecheza peku akichomwa na msumari au kipande cha chupa aende siku hiyo hiyo, kwa ajili ya pepopunda. Wanaoazimana viatu waoshe na kukausha miguu, la sivyo wataazimana na fangasi.

Kukausha ndiko kunakoua njumu nyingi huku kwetu kwenye baridi. Tunaziweka jikoni karibu na mafiga, na joto linaachanisha gundi na kukausha ngozi hadi inapasuka. Gonga tope, futa kwa kitambaa kibichi, toa soli ya ndani na kamba, jaza magazeti makavu ndani na uziweke mahali penye upepo, mbali na moto. Badilisha magazeti asubuhi. Ikiwa ni masika na mechi ni keshokutwa, jaza magazeti hayo mara mbili au tatu usiku huo huo.