Rais wa Marekani Anaweza Kukalia Doo Zilizopitishwa na Kongresi?

Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje, na hapa Kenya baadhi ya kliniki za HIV zikajipata zimefunga milango. Wasee wakauliza: kama Kongresi ilishapitisha hizo doo, huyu anazikalia na nguvu gani?

Katiba ya Marekani inasema pesa haitoki hazina bila sheria ya Kongresi. Haisemi waziwazi kama rais lazima azitumie zote, na hapo ndio mwanya. Hata Thomas Jefferson, 1803, aliweka kando dola 50,000 za mashua za vita kwa sababu hali ilikuwa imetulia.

Richard Nixon ndiye alizidisha. 1972 alikataa sheria ya maji safi, Kongresi ikampiku na kuipitisha kwa nguvu. Bado akaagiza kwamba kati ya dola bilioni 11 za miaka miwili ya kwanza, zigawanywe 5 pekee. Jiji la New York likaenda kortini na 1975 likashinda kwenye Mahakama ya Juu. Saa hiyo Nixon alikuwa ashaenda nyumbani.

Lakini Kongresi haikungoja korti. Julai 1974 ilipata sheria ya kuzuia huo mchezo, na ni Nixon mwenyewe aliitia sahihi, chini ya mwezi mmoja kabla ajiuzulu. Inafanya kazi hivi: rais akitaka kufuta matumizi, anapeleka ombi Kongresi na anaweza kushikilia hizo pesa siku 45 za vikao. Mabunge yote mawili yasipokubali, lazima aziachilie. Kuchelewesha kidogo anaruhusiwa, kwa mfano kama ni kuokoa gharama, ila si juu hapendi mradi wenyewe. Mlinzi ni GAO, ofisi ya ukaguzi ya Kongresi. Januari 2020 GAO ilisema serikali ya Trump ilivunja hiyo sheria kwa kukalia dola milioni 214 za msaada wa kijeshi wa Ukraine.

Sasa ngori iko kwa kalenda. Mwaka wa fedha wa Marekani unaisha Septemba 30. Mwisho wa Agosti 2025 Trump alipeleka ombi la kufuta dola bilioni 4.9 za misaada ya nje, akijua siku 45 hazitaisha kabla ya tarehe hiyo. Muda ukiyoyoma, pesa inakufa bila mtu kupiga kura. Ujanja wa mjini huo. GAO inasema ni haramu.

Mashirika ya misaada yalishtaki. Septemba 26 Mahakama ya Juu, kwa amri ya muda, ikaacha takriban bilioni 4 zibaki zimefungiwa, ikisema huenda sheria ya 1974 haiwapi watu binafsi nafasi ya kushtaki. Anayebaki na hiyo nafasi ni mkuu wa GAO, na kufikia hapo ofisi yake ilikuwa imefungua kesi kama hiyo mara moja tu, 1975.